Kufunga eroba kwenye baiskeli ya triathloni: kuanzia kupima hendeli hadi jaribio la barabarani

Maswali kuhusu eroba ni yale yale kila msimu. Zifungwe wapi? Zishushwe kiasi gani? Mbona mabega yanawaka moto baada ya dakika chache? Mbona fundi amekaza na bado zinazunguka nikigonga tuta? Nimeyajibu hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili uweze kuifanya nyumbani, au ukimpelekea fundi ujue cha kumwambia.

Ninaposema eroba nina maana ya zile fimbo mbili zinazotokeza mbele ya hendeli, pamoja na pedi mbili za kulaza mikono. Ziko za kubana juu ya hendeli ya kawaida ya baiskeli ya resi, na ziko zinazokuja na baiskeli kamili ya triathloni (mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia). Hatua nyingi ni zile zile kwa zote mbili. Palipo na tofauti nitasema.

Nadharia ni fupi. Ukivuka kilomita 30 kwa saa kwenye barabara tambarare, nguvu yako nyingi inaliwa na hewa, na kinachozuia hewa zaidi ni mwili wako, si baiskeli. Mwaka 1989, siku ya mwisho ya Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, Greg LeMond alikuwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50. Zilikuwa zimebaki kilomita 24.5 tu kutoka Versailles hadi Paris. LeMond alitumia eroba, Fignon hakutumia, na LeMond akabeba ubingwa kwa sekunde 8.

Ila faida hiyo unaipata kwa muda ule tu uliolala juu ya pedi. Mtu aliyezishusha sana akawa anainuka kila baada ya kilomita mbili ili kunyoosha shingo ameachwa na yule aliyeziweka juu akatulia saa nzima. Ndiyo maana kila kipimo utakachokiona hapa kinaanzia upande wa juu, na unashuka taratibu mwili ukizoea.

Kabla hujanunua

Soma kanuni za mashindano unayoyalenga. Triathloni ambazo hairuhusiwi kujificha nyuma ya mwenzako ndizo zinazokubali eroba. Zile zinazoruhusu kuendesha kwa kundi zina masharti mengine kabisa.

Ukinunua za mtumba, zikague juani. Za kaboni zigonge kwa sarafu kuanzia mwanzo hadi mwisho: mlio ukibadilika ghafla ukawa butu mahali fulani, ziache. Hesabu bolti zote na uangalie kama vichwa vyake havijalika, kwa sababu bolti fupi zenye kichwa cha spana ya L hazipatikani kila duka la Kariakoo, na ukiweka isiyo saizi yake utaharibu uzi wa klampu (kibanio kinachoshika hendeli).

Vitu vya kuwa navyo

- Spana za L za milimita 3, 4 na 5, na ya nyota T25
- Toki renchi ndogo (spana inayopima nguvu ya kukaza), ya kuazima au ya fundi
- Futi kamba, uzi wa kushonea, timazi na pimamaji kama vya fundi ujenzi
- Grisi, na kama hendeli au fimbo ni za kaboni, ile pasta maalumu ya kaboni yenye chembechembe
- Tepu ya karatasi na kalamu
- Msumeno wa chuma wenye meno madogo (32 kwa inchi) na tupa
- Kebotai (vile vikamba vya plastiki vya kubania) na rangi ya kucha
- Trena ya ndani (stendi ya kuendeshea baiskeli bila kwenda popote), au mtu wa kukushikilia baiskeli ukutani
- Simu ya kupigia video

Hatua kwa hatua

1. Pima unene wa hendeli. Hapa ndipo wengi wanapopoteza hela. Klampu za eroba nyingi za sasa zimetengenezwa kwa hendeli yenye unene wa milimita 31.8 karibu na shingo (kipande kinachoshika hendeli katikati). Baiskeli za zamani za mtumba huwa na 26.0 au 25.4. Huna kalipa? Zungusha uzi mara moja pale klampu itakapokaa, weka alama, unyooshe kwenye futi. Ukipata sentimita 10, hiyo ni 31.8. Ukipata 8.2, ni 26.0. Ukipata 8 kamili, ni 25.4. Kwa hizi mbili za mwisho utahitaji vipande vya kujazia ndani ya klampu ya 31.8, vile vinavyouzwa pamoja na eroba zenyewe. Usijazie kwa vipande vya tyubu au bati la kopo. Mpira unabonyea, bati linateleza, na vyote viwili vitakuangusha.

Pima pande zote mbili za shingo, maana hendeli nyingi huanza kusinyaa sentimita chache tu kutoka katikati. Kama hendeli yako ni bapa juu, klampu ya mviringo haitashika hata ukikaza vipi. Na kama ni ya kaboni, hakikisha mtengenezaji anaruhusu eroba juu yake. Ziko ambazo haziruhusu kabisa.

2. Andika vipimo vya sasa. Urefu wa siti kutoka katikati ya kranki hadi juu ya siti. Kisha ning'iniza timazi kwenye ncha ya siti, upime umbali kutoka kwenye uzi hadi katikati ya kranki. Andika pia idadi ya pete zilizo chini ya shingo ya hendeli, na piga picha ya kila upande. Ukipotea njiani, karatasi hiyo ndiyo itakayokurudisha.

3. Funga klampu. Safisha hendeli kwa kitambaa chenye spiriti, uache ikauke. Paka grisi kidogo kwenye nyuzi za bolti tu. Pale klampu inaposhika hendeli pawe pakavu. Kama ni kaboni, paka ile pasta. Weka klampu pande zote mbili kwa umbali sawa kutoka kwenye shingo, kisha kaza bolti kwa zamu, hii nusu mzunguko, ile nusu mzunguko, huku ukiangalia mwanya wa juu na wa chini ubaki sawa. Mwanya ukiwa mkubwa upande mmoja, legeza uanze upya.

Kiwango cha kukaza kimeandikwa karibu na bolti, na mara nyingi ni kati ya Nm 4 na 6 (Nm ni nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Kifuate hicho. Kwa alumini, kama huna toki renchi na kilichoandikwa ni 5, shika spana ya L sentimita 10 kutoka kwenye bolti, uvute kwa nguvu ya kuinua mfuko wa unga wa kilo 5. Hiyo ndiyo Nm 5, na utashangaa ilivyo ndogo. Kwa kaboni usikisie, nenda kwa mwenye toki renchi. Fundi aliyezoea baiskeli za chuma atataka kukaza mpaka mkono utetemeke, hivyo mwambie mapema: "Fundi, hii naomba uishie hapo kwenye 5." Hatachukia.

4. Panga upana wa pedi. Anza na upana ambao viwiko vyako vinaangukia chini ya mabega bila kulazimisha. Kubana sana kunapunguza kidogo upinzani wa hewa, lakini kunabana kifua na kufanya usukani uyumbe, na kwa anayeanza uthabiti ni muhimu zaidi. Pedi ikae chini ya nyama ya mkono, mbele kidogo ya kiwiko. Mfupa wa kiwiko ukikaa juu ya pedi utaumia kabla hujafika mbali.

5. Sogeza siti mbele. Wengi huiruka hatua hii, hasa waliobana eroba kwenye baiskeli ya resi, halafu wanashangaa nyonga zinabana na magoti yanapiga tumbo. Ukilala mbele huku siti imebaki nyuma, mwili unajikunja katikati. Isogeze sentimita 2 kwanza, ujaribu, uongeze ikibidi. Kwa kila sentimita 1 unayosogea mbele, pandisha siti kama milimita 3, kwa sababu kusogea mbele kunakuweka karibu zaidi na pedeli. Ncha ya siti inaweza kuinama kidogo sana. Angalia mistari iliyo kwenye reli za siti, na usibane nje ya mistari hiyo, maana reli huvunjika hapo hapo.

Baiskeli kamili ya triathloni tayari ina bomba la siti lililosimama zaidi. Kwa hiyo hapa huenda usihitaji kugusa chochote.

6. Panga kimo cha pedi. Weka ubao ulionyooka juu ya siti uelekee mbele, unyooshe kwa pimamaji, kisha pima tofauti ya kimo kati ya ubao na pedi. Anayeanza aanzie pedi zikiwa sawa na siti au chini yake kwa sentimita 2 au 3. Ukiendesha mara kadhaa bila maumivu, shusha milimita 5 tu kwa wakati. Sioni sababu ya mtu wa mwaka wa kwanza kuvuka sentimita 5.

Kupandisha pedi kunahitaji vipandishio na bolti ndefu zaidi. Bolti iingie kwenye uzi wake kwa vidole angalau mizunguko 8 kabla ya kuanza kukaza kwa spana. Ikiingia mizunguko 3 au 4, hiyo ni fupi hata kama inaonekana imebana. Uzito wako wote wa juu unaning'inia hapo.

7. Panga urefu na mwinuko wa fimbo. Panda kwenye trena, lala, ufumbe macho, kisha uache mikono iende yenyewe mbele. Pale viganja vinapotua ndipo ncha za fimbo zinapotakiwa kuwa. Kifundo cha mkono kiwe kimenyooka, si kimepinda kama unatwanga. Mwombe mtu akurekodi video kwa simu kutoka ubavuni, mita kama 3, simu ikiwa usawa wa nyonga. Simamisha video uangalie: tundu la sikio liwe juu ya kiwiko au mbele yake kidogo, na kiwiko kikunjike kama nyuzi 90 hadi 100. Sikio likiwa nyuma sana ya kiwiko, umejinyoosha kupita kiasi.

Mwinuko uanzie nyuzi 5 hadi 10 juu kutoka usawa wa ardhi. Fimbo zikiwa bapa kabisa utajikuta unateleza mbele na kujirudisha kwa mabega muda wote, na ukitoka jasho la Dar, ngozi na pedi hazishikani vizuri.

Usikate fimbo siku hiyo. Funga tepu ya karatasi, weka alama, uendeshe hivyo hivyo wiki kadhaa hata kama zinatokeza nyuma ya pedi vibaya. Ukiridhika, zitoe, kata upande wa nyuma, usiguse upande wa kushika. Zungusha tepu pale pa kukata, kata juu yake polepole, kisha lainisha kwa tupa. Kaboni ikatwe ikiwa na maji, ukiwa umevaa barakoa, kwa sababu vumbi lake ni baya kwa mapafu. Acha urefu wa kutosha kuingia kwenye klampu mpaka ile alama ya mwisho iliyochorwa.

8. Waya. Kama eroba zako ni za kubana tu na gia zimebaki pale pale, ruka. Kama gia zinahamia kwenye ncha za fimbo, utahitaji waya na makava marefu zaidi. Kabla ya kukata kava, geuza usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia. Kava lisivutike popote wala kujikunja kona kali.

Kuna onyo moja hapa ambalo ni la usalama wa maisha. Kava la waya wa breki limejengwa kwa chuma kilichozungushwa kama springi. Kava la gia lina nyuzi za chuma zilizolala kwa urefu. Ukitumia la gia kwenye breki linaweza kupasuka unapofunga breki kwa nguvu. Kwa nje, ukiwa umesimama kaunta, yanafanana. Mwombe muuzaji akuonyeshe ncha iliyokatwa kabla hujalipa.

9. Chupa na kompyuta. Kishikio cha chupa kati ya mikono ni kitu kizuri sana kwa joto letu, kwa sababu utakunywa bila kuinuka, na ndiyo maana utakunywa mara nyingi zaidi. Kifunge kwa kebotai nne, mbili kila upande, zikipishana kwa umbo la X, na kipande cha tyubu ya zamani chini yake ili kisiteleze wala kugonga. Chupa ilale, mdomo ukielekea kwako. Kompyuta ya baiskeli (kile kiskrini kidogo cha kasi na umbali) ikae mbele ya chupa, mahali unapoweza kuisoma kwa jicho bila kuinamisha kichwa.

10. Ziba ncha zote. Kila bomba lililo wazi, la hendeli na la fimbo, liwe na kizibo. Bomba tupu hukata nyama ukianguka, na wakaguzi wa mashindano hawakuruhusu kuingia nalo.

11. Jaribu papo hapo, kabla ya barabara. Simama mbele ya baiskeli, gurudumu la mbele likiwa katikati ya miguu yako. Weka viganja juu ya pedi, ubonyeze kwa uzito wako wote. Vuta fimbo juu, sukuma chini. Kisha inua gurudumu la mbele sentimita 10, uliachie lianguke, mara kadhaa. Chochote kikisogea, rudi hatua ya 3. Kikitulia, chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kwenye klampu hadi kwenye hendeli, na mwingine kutoka kwenye fimbo hadi kwenye klampu yake. Mstari ukikatika siku nyingine, utajua kitu kimehama bila kubahatisha.

12. Ingia barabarani. Chagua Jumapili alfajiri, Toure Drive, kabla magari hayajaamka. Weka mkono mmoja kwenye pedi kwanza, kisha wa pili. Lala sekunde 20, inuka, lala tena. Miezi ya kusi upepo unatoka baharini upande wa kusini-mashariki, kwa hiyo ukitoka Masaki kuelekea Coco Beach utaupata usoni na kwa ubavu; shika fimbo kwa ulaini, usibishane na usukani.

Ukiwa umelala mikono yako iko mbali na breki. Kwa hiyo inuka, ushike breki, kila unapokaribia tuta, makutano, kituo cha daladala, bodaboda wanaotoka pembeni, mchanga barabarani, na kila unapokuwa ndani ya kundi. Barabara ya Bagamoyo kati ya Mwenge na Tegeta si ya kulalia eroba saa yoyote yenye magari. Ukishapita Bunju kuelekea Mapinga nafasi zinaongezeka, lakini matuta ya vijijini bado yapo, na mengine hayana rangi.

Ukirudi, kagua bolti zote tena. Pasta na vipandishio hukaa vizuri baada ya mtikisiko wa kwanza, na bolti hulegea kidogo.

Chumvi

Sisi tunaishi kando ya bahari na tunatoka jasho kama mvua. Chumvi inaingia chini ya tepu ya hendeli na kula alumini kimya kimya, na eroba ndizo zinazopokea jasho lote la uso na mikono. Kila baada ya safari futa klampu kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, kisha kikavu. Pedi zibandue, uzifue kwa sabuni, uzianike kivulini, kwa sababu sponji ikikaa na jasho inanuka na kuleta vipele mikononi. Mara mbili kwa mwaka toa bolti moja moja, futa, paka grisi, rudisha. Na unapobadilisha tepu, kagua hendeli iliyo chini yake: ukiona unga mweupe na vishimo, usiifunike tena. Badilisha hendeli.

Ikileta shida

*Mabega na shingo vinauma.* Pedi ziko chini sana au mbele sana. Pandisha sentimita 1 kwanza. Ikigoma, zirudishe nyuma sentimita 1. Badilisha kitu kimoja kwa safari moja, la sivyo hutajua kipi kimesaidia.

*Ganzi sehemu za siri.* Usiizoee hii. Inamisha ncha ya siti kidogo, hakikisha siti haiko juu kupita kiasi, na kama inaendelea, tafuta siti yenye pua fupi au iliyogawanyika, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya kukaa mbele.

*Ganzi vidoleni.* Unashika fimbo kwa nguvu, au kifundo kimepinda. Badilisha mwinuko, na uache viganja vipumzike tu.

*Unateleza mbele kila mara.* Ncha ya siti imeinama mno, au fimbo ziko bapa. Rekebisha siti kabla ya fimbo.

*Magoti yanagonga viwiko.* Pedi ziko nyuma sana. Zisogeze mbele.

*Usukani unayumba.* Panua pedi. Angalia pia kama uzito wako mwingi umehamia mbele kwa sababu ya siti.

*Eroba zinazunguka kwenye matuta hata baada ya kukaza.* Usiongeze nguvu. Fungua, futa grisi iliyopotea njia, pima tena unene kwa uzi, kagua mwanya wa klampu. Kama mwanya umefunga kabisa, klampu imegota chuma kwa chuma huku hendeli ikiwa bado nyembamba kwake, na unahitaji kijazio sahihi.

*Kelele ya kugongagonga au kukwaruza.* Shika chupa, uendeshe. Ikinyamaza, ni kebotai. Ikiendelea, toa pedi moja baada ya nyingine mpaka uipate. Mara nyingi ni bolti ya pedi isiyo na grisi. Kelele inayotoka kwenye fimbo za kaboni zenyewe ni jambo jingine: shuka, usilale juu yake tena mpaka umeikagua yote kwa sarafu na kwa jicho.